Jinsi ya kuikamata kromosomu X ya panzi kwa macho yako, halafu uifuatilie ilikotoka

Kuna kitu tulikaririshwa shuleni, XX jike XY dume, tukafanya mtihani tukaenda zetu tukijua dunia nzima iko hivyo. Ukiingia kwa wadudu utachoka. Panzi dume ana X moja na hana Y kabisa. Vipepeo wamegeuza, jike ndo mwenye kromosomu mbili zisizofanana, Z na W, dume ana Z mbili. Nyuki dume hana baba, katoka kwenye yai ambalo halijarutubishwa, ana kromosomu 16 wakati dada zake wana 32. Na Aedes aegypti, yule mbu wa dengue, ukimpima kwa hadubini huoni kromosomu ya jinsia yoyote, ana kipande tu kwenye kromosomu namba 1 ambapo kuna jeni inaitwa Nix, ukiwa nayo wewe dume, huna wewe jike, kwisha.

Vurugu yote hii inatokana na jambo moja. Kromosomu ya jinsia haikuzaliwa ikiwa ya jinsia. Ilikuwa kromosomu ya kawaida kama wenzake, ikapewa kazi, na inaweza kuachishwa kazi vile vile. Sasa mtu anaweza akakuambia hivyo ukaitikia tu, ila ukikaa kwenye hadubini ukaihesabu mwenyewe inaingia kichwani haitoki. Ndo maana nimeandika huu mwongozo, tunaanza na panzi kwa sababu ni bure na kromosomu zake ni kubwa, tukimaliza tunahamia kwenye laptop.

Kumkamata panzi

Nenda asubuhi na mapema umande haujakauka, panzi bado wamezubaa kwa baridi, unawaokota tu kama mahindi. Ukisubiri saa tano watakukimbiza uwanja mzima. Unataka dume, na unataka kijana, yule ambaye mabawa ndo kwanza yamekamilika au bado kidogo, kwa sababu mzee korodani zake zimejaa mbegu zilizokwisha komaa na humo hutaona kitu, sisi tunataka seli zilizo katikati ya kugawanyika.

Dume unamjuaje? Mgeuze uangalie mwisho wa tumbo. Dume mwisho wake umekunja kwenda juu, mviringo, kama omo ya mtumbwi. Jike ana meno manne magumu pale mwishoni, ndo anachimbia ardhini anapotaga. Ukishaona mara mbili hutakosea tena. Kamata kama 10 maana wengine watakuangusha.

Weka kwenye friza mpaka wafe, halafu mpasue kwa mkasi mdogo mgongoni, kuanzia mwisho wa tumbo kwenda kifuani. Korodani ziko upande wa juu, chini tu ya ngozi ya mgongo, rangi ya njano au machungwa, na ukiangalia kwa karibu ni kama kichana cha ndizi kidogo sana, vimirija vingi vimeshikana upande mmoja. Hapa ndo wengi wanafeli. Mafuta ya panzi nayo ni ya njano na yako hapo hapo. Mimi slaidi zangu sita za kwanza zote zilikuwa mafuta, nimekaa nazo mchana kutwa natafuta kromosomu ndani ya mafuta ya panzi, hakuna aliyeniambia. Mafuta ukiyagusa na sindano yanasambaratika, vimirija havisambaratiki, vinateleza.

Kuigandisha na kuipaka rangi

Changanya ethano (ethanol) safi sehemu 3 na asidi ya asetiki ile kali isiyotiwa maji sehemu 1. Changanya siku hiyo hiyo, ya jana usitumie. Fanyia karibu na dirisha na vaa glovu, ile asidi inaunguza na harufu yake inakaba koo, sio siki ya kachumbari hiyo. Tumbukiza korodani humo, angalau nusu saa, ila ukiacha mpaka kesho kwenye friji ndo safi zaidi. Ukitaka kuziweka muda mrefu hamishia kwenye ethano ya asilimia 70.

Halafu chukua mrija MMOJA, labda miwili. Sio kichana kizima jamani, ukiweka kizima utapata uji. Weka kwenye slaidi, dondoshea rangi ya aseto-orseini (orseini iliyoyeyushwa kwenye asidi ya asetiki ya asilimia 45, ukikosa orseini kamini nayo inafanya kazi), acha dakika 10 mpaka 20, usiruhusu ikauke, ikianza kukauka ongeza tone. Funika na kioo chembamba, kunja tishu juu yake, halafu kandamiza kwa dole gumba moja kwa moja kwenda chini. Usiteleze hata kidogo, ukiteleza kioo kinazungusha seli zote zinakunjika kama vipande vya chapati, na ukiwa na papara utakipasua. Nguvu inatakiwa, ila nguvu ya kutulia.

Anza na lenzi ndogo utafute eneo lenye seli nyingi, panda kwenye mara 400, ukiona seli nzuri weka oili upande mara 1000.

Unachokitafuta

Kwenye seli ambazo ndo zinaanza kugawanyika utaona nyuzi nyuzi, kama uzi wa kushonea uliokunjwa ovyo, na pembeni yake kuna donge moja jeusi limekaa peke yake. Hilo donge ndo X. Wenzake bado ni nyuzi, yenyewe imeshajikunja kwa sababu haina mwenza wa kushikana naye. Hicho hicho ndo alichokiona Hermann Henking kule Ujerumani mwaka 1891 kwa mdudu mwekundu anaitwa Pyrrhocoris apterus, akashindwa kukielewa akakiita X, yaani kama ile X ya hesabu, kitu kisichojulikana. Jina likabaki. Halina uhusiano na umbo la herufi, ingawa nimeshasikia watu wazima wakifundisha hivyo.

Sasa tafuta seli iliyofika mbele kidogo, kromosomu zimefupishwa na zimejipanga jozi jozi katikati. Hesabu. Panzi wengi wa familia ya kawaida, hata nzige wa jangwani wale waliovamia Kenya mwishoni mwa 2019 na 2020, dume wana kromosomu 23: jozi 11 na X moja. Jozi zina maumbo ya kuchekesha, nyingine kama msalaba, nyingine pete, nyingine kijiti, inategemea zimeshikana sehemu ngapi. X iko peke yake bila umbo la kushikana, na wakati mwingine hatua hii inakuwa imepauka kuliko wenzake, usiikose. Ukibahatika ukapata seli ambayo pande mbili zimeshaanza kuachana, hesabu kila upande: huku 12, huku 11. Mbegu zitakazotoka upande wa 12 zitazaa majike, wa 11 zitazaa madume. Umeiona jinsia ikiamuliwa, kwenye slaidi ya bei ya soda.

Clarence McClung kule Kansas aliitazama hii hii mwanzoni mwa miaka ya 1900 akasema kromosomu hii ya ziada ndo inaamua jinsia, ila akaigeuza, akadhani mbegu yenye nayo ndo inazaa dume. Mwaka 1905 Nettie Stevens akawachukua wale mende wa unga, Tenebrio molitor, akakuta jike ana 20 kubwa, dume ana 19 kubwa na kimoja kidogo sana. Hicho kidogo ndo Y. Edmund Wilson naye akafika kwenye jibu hilo mwaka huo huo, na kwa miaka mingi sifa alipewa Wilson zaidi, unajua tena.

Ukipata namba tofauti usitupe slaidi

Hapa ndo utamu ulipo kwa maoni yangu. Ukikamata yule panzi anayenuka wa kwenye mihogo, Zonocerus, mwenye rangi rangi, dume utahesabu 19 sio 23. Na kuna panzi ambao dume ana 22, hakuna X iliyokaa peke yake, ila kuna jozi moja ambayo pande zake hazilingani. Hujakosea hesabu. Kaa na kalamu tufanye pamoja.

Mwanzoni dume alikuwa na za kawaida 22 na X moja, jumla 23. Siku moja X ikaungana na kromosomu moja ya kawaida, zikawa kitu kimoja chenye umbo la V. Ondoa moja, unabaki na 22. Ila ile kromosomu iliyoungana na X ilikuwa na pacha wake, na pacha hakuungana na chochote. Sasa huyo pacha atapita wapi? Jike ana X mbili, zote zimeungana, kwa jike pacha hana nafasi. Anabaki kwa madume tu, baba kwa mtoto wa kiume, milele. Yaani bila mtu kupanga, kromosomu ya kawaida imegeuka Y mpya. Kwa hiyo usihesabu vipande tu, hesabu na mikono: V moja ni mikono miwili. Huu ujanja tunao tangu 1916, W. R. B. Robertson aliuonesha kwa panzi, na mpaka leo miungano ya namna hii inaitwa kwa jina lake.

Kwa nini Y inachakaa

Fikiria maduka mawili yana madaftari ya madeni yanayofanana. Kila jioni wanakaa wanalinganisha, huyu kakosea ukurasa wa 5, mwenzake anao sahihi, wanarekebisha. Ndo kromosomu pacha zinavyofanya zikibadilishana vipande. Siku wakigombana wakaacha kulinganisha, daftari moja likawa linanakiliwa lenyewe kwa lenyewe, kosa likiingia limeingia. X bado ina pa kulinganishia, kwa jike ziko mbili. Y haina.

Mfano mzuri kuliko yote ni nzi wa matunda anaitwa Drosophila miranda. Y yake iliungana na kromosomu ya kawaida kama miaka milioni moja na nusu iliyopita, ambayo kwa mambo haya ni juzi, na kwa kuwa dume wa Drosophila habadilishani vipande kabisa, ile kromosomu ilifungiwa siku hiyo hiyo. Ukiisoma leo jeni nyingi zimeshakufa, zimejaa vipande vya DNA vinavyojinakili ovyo, ila maiti zake bado zinatambulika. Ukienda kwa binamu yake Drosophila melanogaster, Y yake ina herufi za DNA kama milioni 40 lakini jeni zinazojulikana za kutengeneza protini hazifiki 20, na nyingi kati ya hizo hata sio mabaki ya zamani, zilihamia kutoka kromosomu nyingine. Kwa hiyo msiseme Y ni nyumba inayobomoka tu, kuna wapangaji wapya. Halafu kingine, kwa huyu nzi Y haiamui jinsia hata kidogo, ni idadi ya X. Nzi mwenye X moja bila Y ni dume kamili, isipokuwa hazai.

Sasa laptop

Hadubini inakuonesha umbo, haikuambii hii X ilikuwa nani zamani. Hapo unahitaji jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe ikiwa imesomwa herufi kwa herufi, na data iko wazi kwenye NCBI, hifadhi ya data za DNA mtandaoni, hulipii kitu zaidi ya bando. Ushauri wangu, usianze na nzige. Jenomu ya nzige wa jangwani ni herufi bilioni 8.6, karibu mara tatu ya ya binadamu, laptop yako italia. Anza na mbu wa malaria, Anopheles gambiae, herufi kama milioni 270, au nzi wa matunda mwenyewe.

Unatafuta vitu vitatu: jenomu iliyounganishwa, data ghafi (vipande vifupi vya DNA kama vilivyosomwa na mashine) ya dume mmoja, data ghafi ya jike mmoja. Dume na jike tofauti, sio mfuko mmoja wamesagwa pamoja, soma maelezo ya sampuli vizuri. Panga vipande vya dume juu ya jenomu kwa programu ya bwa au minimap2, panga vya jike kivyake, safisha na programu ya samtools, halafu pima kina: kila dirisha la herufi 10,000 limefunikwa mara ngapi kwa dume, mara ngapi kwa jike. Kabla ya kulinganisha gawanya kila mmoja kwa kina chake cha kati (median, ile namba inayokaa katikati ukizipanga zote kwa ukubwa), maana labda jike alisomwa sana kuliko dume na utajidanganya. Tumia kina cha kati sio wastani, kuna vipande vinavyojirudia mara elfu vitakuvurugia wastani wote.

Kisha gawa dume kwa jike. Kromosomu za kawaida zitakaa kwenye 1. X itakaa kwenye nusu, kwa sababu dume anayo moja. Y itakuwa na dume tu, jike karibu na sifuri. Kwa kipepeo geuza yote. Chora grafu, ukiona mstari umeteremka kwenye nusu kwa kromosomu nzima utajikuta umesimama kwenye kiti.

Hatua ya mwisho ni kuuliza jeni zilizo kwenye X hiyo ziko wapi kwa Drosophila. Kwa jamii ya nzi kromosomu zimetunza jeni zake kwa muda mrefu sana hata zikivunjika na kuungana, kwa hiyo zimepewa herufi A mpaka F. X ya melanogaster ni A. Watafiti wawili, Beatriz Vicoso na Doris Bachtrog, walifanya hesabu hii hii ya kina nikuelezayo kwa nzi wa aina nyingi, wakatoa matokeo mwaka 2013 na 2015, wakakuta nzi wengi X yao ni F, kile kikromosomu kidogo kama nukta ambacho kwa melanogaster ni kromosomu ya kawaida namba 4. Yaani ile nukta iliwahi kuwa X ikaachishwa kazi! Na mazoea hayajaisha, mpaka leo kuna protini inaitwa POF inayojibandika juu ya nukta hiyo peke yake, ndugu wa mambo yanayofanyika X inapopandishwa nguvu kwa dume ili moja ifanye kazi ya mbili. Kama mzee aliyestaafu lakini bado anavaa yunifomu. Mbung'o wetu ukimpima, X yake ina A, D na F kwa pamoja.

Mitego

Nyuki ukimpima hivi utapata mstari ulionyooka kwenye 1, kwa sababu dume ana nusu ya KILA kitu na wewe umeshagawanya kwa kina cha kati. Usiandike kwamba umegundua kitu. Aedes nae utapata karibu hakuna, kipande kinachotofautiana ni kidogo mno.

Jike aliyeshapandwa ana mbegu za dume tumboni, na mbegu zina Y. Utaona Y kidogo kwa jike uanze kutunga nadharia. Tumia jike bikira, au kichwa na miguu tu. Nzi wa nyumbani usimguse mpaka uzoee, jeni yake ya udume, Mdmd, kwa wengine iko kwenye Y, kwa wengine iko kwenye kromosomu nyingine kabisa, dume wa mji huu na dume wa mji ule hawafanani.

Na mtego wa mwisho ndo ulinifundisha zaidi, unahusu yule kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye kichwa cheusi chenye vidoadoa vyeupe, Danaus chrysippus, yuko kila mahali penye mimea ya utomvu mweupe. Maeneo ya Nairobi kuna majike wa aina hii ambao watoto wao wote ni majike, kwa sababu wamebeba bakteria wa Spiroplasma anayeua watoto wa kiume wakiwa ndani ya yai. Na W ya majike hao imeungana na kromosomu ya 15, ile ile yenye jeni za rangi ya mabawa, kwa hiyo bakteria, W na rangi vyote vinasafiri pamoja mama kwa binti.

Sasa pima kina kwa huyo. Utaona vipande vingi vipo kwa jike tu, utashangilia umepata W, kumbe ni DNA ya bakteria. Kila kipande cha jike pekee kilinganishe kwanza na bakteria wanaojulikana. Halafu kromosomu ya 15 yenyewe itasoma 1 kama ya kawaida, kwa sababu muungano ni mpya, nakala iliyoshikana na W bado haijaoza kiasi cha kupotea. Kina hakioni kromosomu ya jinsia changa. Hapo acha kina, tafuta sehemu ambazo majike wote wenye muungano wana herufi mbili tofauti na madume hawana, zikijipanga kromosomu nzima kutoka mwanzo mpaka mwisho umeipata.

Kama laptop huna unaweza ukaanza na mayai. Mfungie jike mmoja kwenye neti na mmea wake, hesabu mayai kila siku, andika mangapi yameanguliwa, lisha viwavi mpaka watoke vipepeo. Dume ana doa jeusi la ziada kwenye bawa la nyuma, jike hana. Mayai karibu nusu yakigoma kuanguliwa na waliotoka wote hawana doa, mtie mama kwenye ethano, mpe namba, andika tarehe na mahali ulipomkamata kwa penseli maana wino wa kalamu unafutika kwenye ethano, mimi ninazo chupa 14 ambazo sijui ni nani yuko ndani.